Saratani Haisambai kama Maji

"Imeshasambaa." Neno hilo moja, likitamkwa kwenye korido ya hospitali, huzima mazungumzo yote. Ndugu wa mgonjwa hawaulizi tena maswali. Wanaanza kupigiana simu, kuhesabu nauli, kumtafuta shehe au padri. Nimelisikia likitamkwa kwa mtu wangu wa karibu, na kwa miaka mingi nililielewa kama wengi tunavyolielewa: maji yamemwagika, yanafuata mteremko, na maji yakimwagika hayazoleki. Baadaye nilisoma kazi za mtu aliyetumia takriban miaka hamsini kuonyesha kwamba picha hiyo ni ya uongo. Nimeamini tangu hapo kwamba uongo wa picha hiyo umetuchelewesha sana katika kutafuta dawa.

Mtu huyo ni Isaiah Fidler, aliyejulikana kwa wenzake kwa jina la Josh. Alizaliwa Jerusalem mwaka 1936, akaenda Marekani kusomea udaktari wa mifugo katika jimbo la Oklahoma, akahitimu mwaka 1963. Hakuanza na hadubini, alianza na kisu. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kazi yake ilikuwa kuwapasua mbwa wenye uvimbe wa saratani. Uvimbe ulitoka wote, mshono ulipona, mbwa akarudi kwa mwenyewe akitikisa mkia. Kisha baada ya muda mbwa yuleyule aliletwa tena akihema kwa shida, mapafu yamejaa vinundu. Upasuaji haukuwa na kosa lolote, na mnyama alikufa vilevile. Daktari huyo kijana akarudi darasani, akasomea patholojia ya binadamu, na mwaka 1970 akapata shahada ya uzamivu. Swali lake lilibaki lilelile: ni nini kilichotoka kwenye mguu wa mbwa kikafika mapafuni, na kwa nini kiliweza kuishi huko?

Ni muhimu, kwa maoni yangu, kwamba alikuwa daktari wa mifugo. Watafiti wengi wa zama zake waliitazama seli ikiwa kwenye kisahani cha kioo, peke yake, ikioga virutubisho. Aliyezoea kumtibu mnyama mzima hasahau kwamba seli ina mahali inapokaa.

Swali lenyewe lilikuwa la zamani. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaangalia ugonjwa ulikuwa umefika wapi. Kwenye ini aliukuta kwa wanawake 241. Kwenye wengu aliukuta kwa 17 tu. Lakini wengu nao hupata damu nyingi, na damu hiyo hutoka kwenye mshipa mkuu uleule. Kama saratani ingesambaa kwa kufuata mkondo wa damu pekee, wengu usingeepuka kiasi hicho. Paget akasema kwamba seli za saratani ni mbegu, nazo humea pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Kwetu hoja hiyo haihitaji maelezo marefu. Mkarafuu unaojaza mashamba ya Pemba ukiupeleka Dodoma utakauka, hata kama mche ni bora na mkulima ni hodari.

Hata hivyo hoja ya Paget iliwekwa kando. Mwaka 1928 James Ewing, bingwa wa patholojia wa Marekani, alifundisha kwamba mambo ni ya mabomba tu: seli huchukuliwa na damu au limfu, hunasa kwenye mishipa midogo ya kiungo cha kwanza inachokutana nacho, na hapo huota. Sauti ya Ewing ilikuwa na uzito mkubwa, na maelezo ya mabomba yalikuwa rahisi kuyachora ubaoni. Yakatawala kwa miongo kadhaa. Hapo ndipo maji yalipoingia vichwani mwa madaktari, na kutoka kwao yakaingia vichwani mwetu.

Fidler alianza kwa kuhesabu. Alichukua seli za melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali sana, kutoka kwa panya, akazitia alama ya iodini yenye mnururisho ili aweze kuzifuatilia, kisha akazidunga kwenye mshipa wa mkia wa panya. Baada ya saa 24, chini ya asilimia 1 ya seli hizo ndizo zilizokuwa hai. Zilizofanikiwa hatimaye kuota vinundu mapafuni hazikufika asilimia 0.1, yaani pungufu ya seli moja katika kila elfu moja. Nyingine zote zilikufa. Zilipasuka kwa msukumo wa damu, zililiwa na seli za kinga, au zilifika mahali zikashindwa kushika.

Tusiipite takwimu hii haraka. Wakati ule daktari aliyeona seli za saratani ndani ya damu ya mgonjwa angeweza kudhani amekwisha kuiona hukumu. Hesabu ya Fidler inasema mwili wa mgonjwa unashinda vita hivyo mara mia tisa na tisini na tisa katika elfu. Kutawanyika ni kazi ngumu kuliko kazi zote ambazo seli ya saratani inaweza kujaribu. Inapaswa kujinasua kwenye uvimbe, kupenya ukuta wa mshipa, kustahimili safari, kushika mahali, kupenya tena kutoka nje ya mshipa, kisha kujitafutia damu ya kuilisha katika nchi ya ugeni. Ikikwama hatua moja tu, safari imekwisha.

Swali lililofuata lilijileta lenyewe. Ile moja katika elfu iliokoka kwa bahati, au ilikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho? Mwaka 1973 Fidler alichapisha jibu lake la kwanza. Alivichukua vinundu vilivyoota mapafuni, akakuza seli zake, akazidunga kwa panya wengine, akavichukua tena vinundu vya mapafuni, akarudia duru kumi. Seli za duru ya kumi zilijaza mapafu kwa wingi usiolinganishwa na seli za mwanzo. Zinaitwa B16-F10, na hadi leo zinatumika katika maabara za dunia nzima. Alifanya kile anachofanya mfugaji anayechagua madume ya kupandisha, kizazi baada ya kizazi.

Wapinzani wakasimama, na hoja yao ilikuwa nzito. Walisema labda seli hazikuwa tofauti tangu mwanzo. Labda zilipofika mapafuni zilijifunza kuishi huko, na kila duru ikazizidishia mazoea. Jaribio lililoamua ugomvi huo lilichapishwa mwaka 1977 na Fidler pamoja na Margaret Kripke, wakiwa Frederick, katika jimbo la Maryland. Kripke alikuja kuwa mke wake, na kwa haki yake mwenyewe ni mtafiti mkubwa: ndiye aliyeonyesha jinsi mionzi ya jua inavyodhoofisha kinga ya mwili na kuiachia saratani ya ngozi nafasi.

Wawili hawa waliazima mbinu kwa watafiti wa bakteria. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walikuwa wameonyesha kwamba bakteria wanaostahimili virusi huwa wamekwisha kuwepo kabla virusi havijafika. Fidler na Kripke wakatenga seli mojamoja kutoka kwenye uvimbe mmoja wa melanoma, wakaikuza kila moja mpaka ikawa ukoo wake, yaani kloni, kisha wakaudunga kila ukoo kwa panya wake. Kama seli zote zingekuwa sawa, koo zote zingetoa idadi ya vinundu inayokaribiana. Hazikukaribiana hata kidogo. Koo nyingine zilitoa vinundu vichache tu, nyingine zikafunika mapafu yote. Hakuna ukoo uliokuwa umepata nafasi ya kujifunza lolote mapafuni. Uwezo ulikuwemo tangu ndani ya uvimbe wa kwanza.

Kwa hiyo tunaposema "saratani ya mgonjwa huyu" kana kwamba ni kitu kimoja, tunakosea. Ule uvimbe ni kijiji chenye watu wa tabia mbalimbali. Mwaka 1976 Peter Nowell, naye wa Philadelphia, alikuwa ameeleza kwamba seli za saratani hubadilika na kuchujwa kizazi kwa kizazi kama viumbe vyovyote. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeishi na malaria anaijua hoja hii bila hadubini. Klorokwini ilipotumika peke yake kwa miaka, iliua vimelea wanyonge na kuwaachia shamba wale sugu. Tanzania ikaiacha mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 tukaanza kugeukia dawa mseto. Kifua kikuu tunakitibu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, virusi vya UKIMWI vivyo hivyo, na sababu ni ileile: penye umati wa viumbe visivyofanana, dawa moja haiui adui, inamchuja. Dawa ya saratani inapompa mgonjwa miezi minane ya nafuu kisha ugonjwa ukarudi mkali zaidi, si lazima dawa iwe imeharibika wala mgonjwa awe amekosea masharti. Waliorudi ni wale ambao dawa haikuwahi kuwagusa.

Kama Fidler angekomea hapo, angebaki mtu wa mbegu. Lakini mwaka 1980 yeye na Ian Hart walimfufua Paget. Walipandikiza vipande vidogo vya pafu, vya ovari na vya figo ndani ya misuli ya paja ya panya, wakangoja mpaka vipande vikapata mishipa ya damu, kisha wakadunga seli za melanoma. Saratani ikaota kwenye mapafu ya asili, ikaota pia kwenye kipande cha pafu na cha ovari kilichokuwa pajani. Kwenye kipande cha figo haikuota, ingawa seli zilikifikia kama zilivyovifikia vile vingine. Mabomba yalifika kotekote. Udongo ndio uliochagua.

Miaka minne baadaye ushahidi wa kutisha ukatoka kwa binadamu. David Tarin na wenzake, Uingereza, waliwafuatilia wagonjwa wa saratani waliokuwa wamejaa maji tumboni. Ili kuwapunguzia adha, madaktari walikuwa wamewawekea mrija unaotoa maji yale tumboni na kuyarudisha kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Maji hayo yalikuwa na seli za saratani kwa mamilioni, zikimiminika ndani ya damu mchana na usiku. Kwa hesabu ya maji yanayomwagika, miili hiyo ingepaswa kuota vinundu kila mahali. Walipochunguzwa baada ya kufa, wengi wao hawakuwa na mtawanyiko uliofanana na mafuriko hayo, na wengine hawakuwa nao kabisa. Sijui jaribio jingine linaloipinga kwa nguvu zaidi ile picha ya sakafu iliyolowa.

Mwaka 1983 Fidler alihamia Houston, Texas, katika kituo cha saratani cha MD Anderson, akaongoza idara huko kwa miaka mingi. Ndiko alikoanza kuwasumbua waliokuwa wakijaribu dawa mpya. Desturi yao ilikuwa kupandikiza saratani ya binadamu chini ya ngozi ya panya, iwe ya utumbo, ya figo au ya kongosho, kwa sababu ni rahisi kuipima kwa rula. Fidler na wanafunzi wake walionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana ikiwekwa chini ya ngozi huvimba palepale na ni nadra kutawanyika. Ukiiweka kwenye utumbo wenyewe, huenda kwenye ini kama inavyofanya kwa mgonjwa. Maana yake ni kwamba dawa nyingi zilikuwa zikishinda mechi katika uwanja ambao mgonjwa hachezi.

Kutoka hapo utafiti wake ukaingia moja kwa moja kwenye usugu wa dawa, na hapa ndipo ninapoona mchango wake mkubwa kuliko yote, ingawa haunukuliwi sana kama ule wa 1977. Yeye na wenzake walichukua aina moja ya seli za saratani ya utumbo wa panya, wakaziotesha chini ya ngozi kwa kundi moja na mapafuni kwa kundi jingine, wakawatibu wote kwa doxorubicin, ile dawa nyekundu inayofahamika sana katika wodi za saratani. Vivimbe vya chini ya ngozi viliitikia dawa. Vya mapafuni viligoma. Walipozichunguza seli za mapafuni, wakazikuta zimeongeza pampu iliyoko kwenye ngozi ya seli, protini inayoikamata dawa na kuitupa nje kabla haijafanya kazi. Basi labda mapafuni zilimea zile zilizozaliwa sugu? Wakazitoa mapafuni, wakazikuza kwenye kisahani cha kioo. Pampu zikapungua na usugu ukatoweka.

Zilikuwa seli zilezile. Usugu huo haukuwa wa kuzaliwa. Ulitoka kwa mwenyeji. Pafu lilikuwa likizifundisha seli kujikinga, na zilipoondoka nyumbani kwa pafu zikasahau somo. Hivyo kuna usugu wa aina mbili, ule wa mbegu na ule wa udongo, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana picha za mgonjwa zinaweza kuonyesha vinundu vya ini vimenywea huku vya mapafuni vikikua, na dawa ni hiyohiyo moja iliyopita katika damu hiyohiyo.

Ubongo ndio udongo mgumu kuliko yote, na Afrika Mashariki ina ukurasa wake katika habari hiyo. Mwaka 1967 ilianzishwa taasisi ya saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala, kuwatibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Dawa ya cyclophosphamide iliuyeyusha uvimbe huo kwa siku chache, jambo lililowashangaza hata waliolitarajia. Lakini baadhi ya watoto walirudi na uso uliopona, ugonjwa umeibukia kwenye ubongo na kwenye maji ya uti wa mgongo. John Ziegler na wenzake wakalazimika kudunga dawa moja kwa moja kwenye maji hayo. Maelezo yalikuwa kwamba kuna ukuta kati ya damu na ubongo unaoizuia dawa isipite.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Maabara ya Fidler ilionyesha kwamba kinundu kinapokua ndani ya ubongo huubomoa ukuta huo, na vitu vilivyomo kwenye damu hupita. Dawa inafika na bado saratani haifi. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi, akiwa amepita umri ambao wengi huwa wameshastaafu, alielekeza macho kwenye seli za ubongo ziitwazo astrosaiti. Kazi yao ya kawaida ni kuzihudumia na kuzilinda seli za neva. Chini ya hadubini astrosaiti zilionekana zimezizunguka seli za saratani, zimezigusa, na kufungua vijia vidogo vinavyoziunganisha nazo. Kupitia vijia hivyo ziliamsha ndani ya seli za saratani jeni zinazozizuia kufa. Walinzi wa ubongo walikuwa wamempokea mvamizi na kumlinda kama mwenyeji.

Alipokata mawasiliano hayo kwa dawa ya macitentan, ambayo kwa wagonjwa hutumika kwa shinikizo la damu la mapafuni, kisha akaongeza dawa za kawaida za saratani, panya waliokuwa wa kufa waliishi. Nawaandikia wasomaji wenye wagonjwa nyumbani, kwa hiyo niseme wazi: hiyo haijawa tiba ya kawaida ya saratani ya ubongo kwa binadamu. Kati ya panya na mtu pana mto mpana, na Fidler mwenyewe aliwahi kushindwa kuuvuka. Wakati mmoja maabara yake iliona kwamba saratani ya tezi dume ikishaingia kwenye mifupa hutegemea ishara fulani inayoweza kuzimwa na dawa ya imatinib. Kwa panya mpango ulifanya kazi. Kwa wanaume waliojaribiwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuonyesha faida.

Mto huo ulivukika mara moja kwa njia ya kuridhisha. Tangu miaka ya Frederick, Fidler alitafuta namna ya kuziamsha seli kubwa za kinga, zile zinazomeza uchafu na wadudu mwilini, ili zitafune vinundu ambavyo kisu na dawa vimeviacha. Alizifikia kwa kufunga kiamsho ndani ya vitone vidogo vya mafuta, kwa kuwa seli hizo humeza vitone vya namna hiyo zenyewe. Kiamsho hicho, muramyl tripeptide, kilijaribiwa kwa mbwa wenye saratani ya mifupa, kisha Eugenie Kleinerman wa Houston akakifikisha kwa watoto na vijana. Katika jaribio kubwa, waliopata dawa za kawaida pekee walikuwa hai asilimia 70 baada ya miaka sita. Walioongezewa kiamsho, asilimia 78. Marekani iliikataa dawa hiyo mwaka 2007 ikisema ushahidi hautoshi. Ulaya iliikubali mwaka 2009 kwa jina la mifamurtide. Iwe mtu anakubaliana na Marekani au na Ulaya, njia yake inagusa moyo: daktari wa mifugo aliyeshindwa kuwaokoa mbwa wa Philadelphia, dawa iliyopita kwanza kwa mbwa, na mwisho mtoto anayetembea.

Fidler alifariki mwaka 2020. Nadharia yake ilishinda kabisa. Tiba zake zilishinda kidogo. Sioni aibu katika hilo, kwani leo karibu kila anayetafuta dawa ya saratani iliyotawanyika anauliza maswali mawili ambayo bila yeye yangechelewa: mbegu hizi ni za koo ngapi, na nani anazilisha huko ziliko?

Nirudi kwenye ile moja katika elfu, kwa sababu inawahusu watu wa kwetu ambao wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kwenda mbali. Inaonekana ndogo, na kwa mbegu moja ni ndogo kweli. Lakini mwaka 1975 watafiti waliopima uvimbe wa matiti wa panya waligundua kwamba gramu moja tu ya uvimbe huo inaweza kumwaga kwenye damu seli milioni tatu hadi nne kwa siku. Karibu zote zinakufa leo. Kesho zinamwagwa nyingine, na kesho kutwa nyingine, na kila siku udongo fulani unajaribiwa upya. Kwa hiyo, dada uliyegusa kijiwe kwenye titi ukajiambia utakwenda baada ya mavuno, au baada ya Ramadhani, au mtoto akishafunga shule: nenda wiki hii.